Yai Lisiloonekana

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni chakula gani kilichobadilisha mwenendo wa nyumba zetu. Kwangu mimi ni yai, kwa kuwa mwanangu wa miaka sita ana mzio wa mayai, na akila hata kipande kidogo hutokwa na mabaka yanayowasha mwili mzima na midomo humvimba.

Yai la kuchemsha halinisumbui, maana huonekana. Linalonisumbua ni lile lililojificha kwenye katlesi zilizochovywa kabla ya kukaangwa, kwenye mkate wa kumimina, na hata kwenye maandazi, ambayo mpishi mmoja huyakanda kwa tui pekee na mwenziwe huyaongezea yai ili yawe laini. Jioni moja niliagiza chipsi kavu, nikasimama palepale karibu na jiko, nikamwona kijana akizichota kwa mwiko uleule aliotoka kugeuzia zege, yaani chipsi mayai, utando wa yai ukiwa umeganda ukingoni. Sikumlaumu, kwani kwake kavu ni kavu. Nililipa, nikampa dada wa mwanangu.

Nyumbani nimezoea. Katlesi nazichovya kwenye unga wa ngano uliokorogwa mwepesi kwa maji, na katika keki natia ndizi mbivu iliyopondwa, ingawa baba yao hulalamika kwamba siku hizi kila keki ina ladha ya ndizi, na kwa kweli hakosei.

Kazi ngumu iko ugenini. Mama mkwe alikuwa akiniambia, "Mwanangu, hilo limeiva, litamdhuru nini?" Hoja yake si ya kupuuzwa, kwa sababu moto wa muda mrefu hudhoofisha baadhi ya protini za yai, na wapo watoto wenye mzio huu wanaoweza kula keki iliyookwa bila kudhurika, lakini jambo hilo hujaribiwa mbele ya daktari, si kwenye karamu. Daktari huyohuyo aelezwe pia kabla ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo hutengenezwa kwa mayai ya kuku.

Mtoto mwenyewe sasa huamkia kwanza, kisha huuliza: "Shikamoo bibi, hiki kina yai?" Ramadhani iliyopita bibi yake alimtengea katlesi zake kwenye sahani yenye kawa, akazikaanga kabla ya za wengine, mafuta yakiwa bado mapya.