Kabla ya kuomba mafunzo yenu ya meno yatambuliwe: tuliyojifunza Lubumbashi

Wenzangu wawili wa Bukavu na mmoja wa Goma wameniuliza swali lile lile mwaka huu: nyinyi wa Lubumbashi mliomba vipi kutambuliwa kama watoaji wa mafunzo endelevu ya meno, yale ya daktari aliyekwisha hitimu, nasi tuanzie wapi? Kila mmoja nilimjibu kwa simu, haraka haraka, kati ya mgonjwa na mgonjwa. Swali hili lina haki ya jibu refu zaidi, basi naliandika hapa.

Kikundi chetu hukutana Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Ni madaktari wa meno wa Lubumbashi, pamoja na wachache wanaotoka Likasi na Kipushi, na barabara ikiwa nzuri hata wa Kolwezi. Tunakodi ukumbi, mmoja wetu anafundisha, umeme ukikatika tunawasha jenereta, halafu tunakula bukari, ugali wetu, pamoja na kurudi nyumbani. Tulifanya hivyo miaka minne bila kufikiri kwamba kuna mtu wa mbali angeweza kuja kutukagua. Wazo la kuomba utambuzi lilitoka kwa Wakongo wenzetu wanaofanya kazi Marekani, ambao huja likizo mwezi wa Julai na Agosti na kufundisha nasi. Walisema: kama mafunzo haya yangekuwa na utambuzi wa ADA CERP, saa zake zingetusaidia kwenye leseni zetu huko tuliko, na tungeweza kuwaleta wenzetu wengi zaidi.

ADA CERP ni mpango wa Chama cha Madaktari wa Meno wa Marekani, ulioanza mwaka 1993, na makao ya chama hicho yako Chicago. Jambo la kwanza la kuelewa, na ndilo lililotuchukua muda mrefu kulielewa, ni kwamba mpango huu hautambui somo. Unamtambua mtoaji. Hakuna anayekaa Chicago kusoma slaidi zako za matibabu ya mzizi na kusema ni nzuri. Wanachotaka kuona ni kama kikundi chako kina njia ya kudumu ya kuandaa mafunzo: nani anaamua, kwa sababu gani, kwa pesa za nani, na mnajuaje kwamba mtu amejifunza. Safari ya kwanza sisi tuliwatumia slaidi. Slaidi nzuri sana. Karatasi zilirudi na maswali ambayo hakuna hata slaidi moja iliyoweza kuyajibu.

Lakini kabla ya hayo yote, jiulizeni nani atakitumia hicho cheti mtakachowapa washiriki, na wapi. ADA CERP wenyewe wanatangaza wazi kwamba utambuzi wao hauna maana kwamba bodi yoyote ya udaktari wa meno itazikubali saa zenu. Kule Marekani kila jimbo lina sheria yake: California inadai saa 50 za mafunzo kila miaka miwili, New York saa 60 kila miaka mitatu, na kila bodi ina orodha yake ya masomo ya lazima. Afrika Kusini wana baraza lao na hesabu yao ya pointi, 30 kwa mwaka, na tano kati yake ziwe za maadili na sheria. Sisi wa Katanga ya juu tuko karibu zaidi na Zambia kuliko na Kinshasa. Mwenzetu anayevuka Kasumbalesa kwenda kufanya kazi Ndola atakutana na baraza la Zambia, wala si na Chicago. Kwa hiyo kama washiriki wenu wengi wana leseni Rwanda au Burundi, kama ninavyodhani kwa wenzetu wa Goma na Bukavu, pelekeni ombi lenu kwanza huko. Sisi tulichagua ADA CERP kwa ajili ya walimu wetu wanaotoka Marekani, na hata hivyo tulipoteza miezi mitatu kabla ya kuliuliza swali hili vizuri.

Sasa nije kwenye kiini.

Katika kikundi chetu kuna mama mmoja aliyetibu meno mji huu tangu sisi wengine tukiwa shule ya msingi. Sote tunamwita Yaya, yaani dada mkubwa. Karatasi ziliporudi alizisoma mpaka mwisho, akavua miwani, akatuuliza: "Munafundishaka kile munajua, ao kile batu banakosa?" Hatukuwa na jibu. Kwa miaka minne somo la mwezi lilichaguliwa na yule aliyekuwa tayari kufundisha. Aliyesoma vipandikizi, yaani meno ya bandia yanayopandikizwa kwenye mfupa wa taya, alifundisha vipandikizi, ingawa ukumbini waliokuwa na vifaa vya vipandikizi hawakufika watano.

Basi tulianza upya. Tulitengeneza karatasi ya maswali, ukurasa mmoja tu, tukazunguka nayo kwenye vituo vya mitaa ya mji wetu: Katuba, Kenya, Kamalondo na Ruashi. Tuliuliza watu wanafanya nini kila siku na wapi wanakwama. Majibu yalitubadilisha. Wengi walikuwa bado wanasafisha vyombo kwa pupineli, kabati la joto kavu la kuua vijidudu, wakifungua mlango katikati ya mzunguko kuchukua koleo moja lililohitajika haraka. Ukifungua mlango, hesabu inaanza upya: nyuzi 160 zinahitaji saa mbili kamili, 170 zinahitaji saa moja. Na wale waliokuwa na otoklavu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, hawakuwa na namna ya kuthibitisha kwamba kweli ilifika nyuzi 134. Hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa ametuomba somo la usafishaji wa vyombo, kwa sababu halina fahari. Ndilo lililokuwa linahitajika kuliko yote.

Zile karatasi 40 za maswali, zikiwa na mwandiko wa watu na madoa ya chai, ndizo zilizokuwa ushahidi wetu bora katika ombi la pili. Zihifadhini. Pigeni picha kila moja siku ile ile. Hata kikao cha dakika kumi mlichokaa chini ya mwembe kujadili majibu, kiandikieni muhtasari na tarehe na majina ya waliokuwepo. Mkaguzi hawezi kujua mliyoyazungumza, anajua yaliyoandikwa.

Kutoka kwenye haja mnaenda kwenye malengo, na hapa pana kazi ya lugha. Zamani tuliandika: "Somo la ganzi kwa watoto." Hicho ni kichwa cha habari, si lengo. Lengo linasema mshiriki ataweza kufanya nini akitoka ukumbini. Baada ya kuandika na kufuta mara nyingi tulifika hapa: mshiriki ataweza kukokotoa kiasi cha juu cha lidokeini, dawa ya ganzi, kwa mtoto kulingana na uzito wake. Ukishaandika hivyo, somo linajipanga lenyewe, na mtihani pia. Mtoto ana kilo 15. Madaktari wa meno ya watoto wa Marekani wanatumia kikomo cha miligramu 4.4 kwa kilo, yaani 66. Kichupa cha mililita 1.8 chenye lidokeini ya asilimia 2 kina miligramu 36. Kwa hiyo hata vichupa viwili vizima ni vingi mno kwa mtoto huyu. Tulipowapa washiriki hesabu hii mwanzoni mwa somo, zaidi ya nusu walikosea. Mwishoni walikosea wawili, na wale wawili tulikaa nao. Matokeo ya mwanzo na ya mwisho tuliyaweka pamoja kwenye faili. Kwa maoni yangu, ukurasa ule mmoja ulieleza kazi yetu kuliko barua zote za sifa tulizoambatanisha.

Pesa ndiyo iliyotutia katika mtihani mgumu zaidi. Muuzaji mmoja wa vifaa alikuwa akitulipia ukumbi na chakula kwa zaidi ya mwaka. Mtu mzuri, hakuwahi kutudai chochote kwa maneno. Lakini kompoziti yake, ile ya kuzibia meno, ndiyo iliyokuwa mezani kila mara, picha za slaidi zilikuwa za kompoziti yake, na mwezi mmoja alimleta mwalimu wake mwenyewe. Kanuni za ADA CERP hazikatazi msaada wa biashara. Zinadai kwamba mtoaji ndiye aamue somo, mwalimu na maneno. Kwamba msaada utangazwe kwa washiriki. Kwamba mwalimu mwenye maslahi ya kifedha ayaseme kabla ya kuanza. Na kwamba matangazo yatengwe na mafunzo. Tulimwita, tukamweleza kwa heshima, tukaandika mapatano ya ukurasa mmoja. Meza yake ikahamia barazani. Alikasirika kidogo, akakaa miezi miwili bila kuja, kisha akarudi. Katika ile miezi miwili kila mshiriki alilipa dola 10, na tuligundua kwamba kikundi kinaweza kusimama bila yeye. Nawashauri mfanye jaribio hilo mapema, kabla hamjawa na deni la shukrani ambalo ni zito kulilipa.

Saa zenu pia zihesabuni kwa haki. Sisi tuliandika saa sita, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane. Ukitoa chai, salamu na bukari, mafunzo yalikuwa saa nne na nusu. Kinachohesabiwa ni muda wa kujifunza. Tulirekebisha, na wapo walionung'unika kwamba tumewapunguzia.

Kuhusu cheti chenyewe naomba mnisikilize vizuri, maana kwetu Kongo karatasi yenye muhuri ina nguvu kubwa. Vyeti vyetu vya zamani vilikuwa na utepe wa dhahabu, mihuri miwili na maneno makubwa. Watu waliviwekea fremu. Siku moja niliingia kwenye kituo cha mwenzetu na kuona cheti chetu cha siku mbili za vipandikizi kikining'inia juu ya kiti cha mgonjwa, na mgonjwa akaniambia amekuja hapa kwa sababu daktari huyu ni bingwa wa vipandikizi. Nilirudi nyumbani nikiwa na uzito moyoni. Kanuni zinasema hati ya ushiriki isionekane kuthibitisha ubingwa wala ujuzi maalumu, na tangu siku ile sihitaji kuelezwa kwa nini. Sasa hati yetu ni karatasi nyeupe: jina la kikundi, jina la mshiriki, somo, tarehe, mahali, aina ya mafunzo, idadi ya saa. Basi.

Kanuni hiyo inaenda pamoja na nyingine, ya kuwaonya washiriki juu ya hatari ya kutumia maarifa machache kwa wagonjwa. Tunaisema kwa sauti mwishoni mwa kila somo la vitendo. Na mgonjwa anapokubali kutibiwa mbele ya darasa, fomu yake ya ridhaa tunamsomea kwa Kiswahili cha hapa, kile cha nyumbani. Zamani ilikuwa kwa Kifaransa, naye alitia sahihi kwa kutuheshimu tu. Alikubali nini mtu ambaye hakuelewa? Mzee mmoja wa Kampemba, baada ya kusomewa, alikataa. Tulimtibu siku nyingine, peke yake, bila malipo.

Mengine ni ya kawaida. Ombi linaandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo tafuteni mtu anayejua lugha na anayejua meno. Mtafsiri wa hati za mahakama aligeuza "ufizi" kuwa kitu ambacho sisi wenyewe hatukukitambua. Ada ya ombi inalipwa kwa dola, na uhamisho wa benki unachukua siku, msisubiri wiki ya mwisho. Mahudhurio yaandikwe kwa sahihi ya kuingia na ya kutoka. Kompyuta yetu iliungua siku umeme uliporudi kwa nguvu, na faili za mwaka mzima zikaenda nayo; kilichotuokoa ni daftari la Yaya, ambaye tangu mkutano wa kwanza alikuwa akiandika kila jina kwa kalamu ya wino. Mshiriki anaweza kurudi baada ya miaka kuomba nakala ya saa zake, na lazima mumpe. Wekeni nakala mbili, mahali pawili.

Kama ombi linawaelemea, kuna njia nyingine: mtoaji aliyekwisha kutambuliwa anaweza kuandaa mafunzo pamoja na kikundi kisichotambuliwa, naye akabeba jukumu la kanuni zote. Walimu wetu wa likizo wametuunganisha na mmoja, na Agosti iliyopita tulifanya naye siku mbili. Ilikuwa shule kubwa kwetu kuona anavyodai karatasi moja moja.

Ombi letu la pili limetumwa. Jumamosi ijayo somo ni otoklavu: kila mshiriki ataleta vipimo vya wiki mbili vya mashine yake, na Yaya atakaa mlangoni na daftari lake. Wenzetu wa Goma na Bukavu mkiwa na safari ya Lubumbashi siku hizo, karibuni. Fomu zetu za maswali na ile ya ridhaa nitawapa, mzirekebishe kwa Kiswahili cha kwenu.