Vikundi tendaji havikaririwi: anza na maji

Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha tano, wa PCB na wa CBG (michepuo yenye Kemia na Biolojia), hunijia na ombi lile lile: "Mwalimu, tupe mbinu ya kukariri vikundi tendaji." Wanazungumzia vile vikundi vidogo vya atomu vinavyoipa molekuli tabia yake. Mbinu hiyo sina, na ningekuwa nayo nisingewapa, maana kukariri ndiko kulikoniangusha mimi.

Nilipokuwa kidato cha tano nilibandika jedwali kwenye mlango wa kabati langu bwenini: haidroksili, kabonili, kaboksili, amino, salfihidrili, fosfeti. Ungeniamsha usiku wa manane ningevitaja vyote. Ukaja mtihani, swali likauliza kwa nini sukari huyeyuka kwenye maji na mafuta hayayeyuki. Nikaacha nafasi wazi. Jibu lilikuwa ndani ya lile jedwali, ila sikulitambua.

Kwa hiyo nakuomba uweke jedwali kando kwa wiki moja. Soma maji tu.

Chora molekuli moja kwa mkono wako. Oksijeni katikati, haidrojeni mbili pembeni, zimepinda kwa pembe ya nyuzi 104.5. Oksijeni huvutia elektroni kwake, hivyo upande wake unakuwa hasi kidogo na upande wa haidrojeni unakuwa chanya kidogo. Sasa chora molekuli ya pili, haidrojeni yake ielekee oksijeni ya ile ya kwanza. Huo mvuto kati yao ndio bondi ya haidrojeni. Moja peke yake ni dhaifu, lakini ndani ya tone la maji ziko nyingi mno. Angalia haidrojeni salfaidi, ndugu wa maji mwenye salfa mahali pa oksijeni: huchemka kwenye nyuzi joto −60. Maji yanangoja mpaka 100. Bila mvuto huo tusingekuwa na bahari, wala damu ya kutembea mwilini. Hapa usiharakishe kabisa. Kama bado huwezi kuchora molekuli tatu za maji zilizoshikana, usiende kwenye kaboni.

Kaboni yenyewe haitakuchukua muda. Ina mikono minne, na hushikana na kaboni wenzake ikatoa minyororo, matawi na pete. Mnyororo wenye kaboni na haidrojeni peke yake hauna upande chanya wala hasi wa kuyavutia maji. Mafuta ya kupikia yamejaa mikia ya namna hiyo, mingi ina kaboni 12 mpaka 18, na maji huitenga.

Sasa rudi kwenye jedwali lako, na kwa kila kikundi uliza: maji yatakishika wapi? Ethani ina kaboni mbili na haidrojeni sita. Ni gesi, huchemka kwenye nyuzi −89. Chomeka oksijeni moja kati ya kaboni na haidrojeni, umepata haidroksili, na ile gesi imekuwa ethanoli, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 78. Atomu moja tu! Glukosi ina haidroksili tano, kwa hiyo maji yana pa kuishika kila upande. Ndilo jibu la swali nililoliacha wazi.

Kaboksili huyaachia maji haidrojeni yake, ndiyo maana ni asidi. Amino hufanya kinyume, huipokea. Salfihidrili, yaani salfa yenye haidrojeni, kaiangalie saluni: dawa ya kalikiti hukata bondi za salfa ndani ya unywele, nywele zikazungushwa kwenye rola, kisha dawa ya pili inaziunga upya katika umbo jipya.

Mimi haya yaliniingia likizo, kwa bibi yangu Tanga. Jikoni kwake kulikuwa na chupa ya siki. Nikamuuliza imetengenezwaje. "Mjukuu wangu, hilo lilikuwa tembo la mnazi. Ukiliacha siku nyingi likipata hewa, linageuka lenyewe." Nikanusa, nikakimbilia daftari. Bakteria walikuwa wametumia oksijeni ya hewani kuigeuza ethanoli ya tembo kuwa asidi ya asetiki. Haidroksili imeondoka, kaboksili imekaa mahali pake, na ukali wote niliousikia puani ulitoka kwenye badiliko hilo.

Jambo la mwisho ninalowasisitizia sana: masomo haya tunafundishwa kwa Kiingereza, basi ukimaliza kikundi kimoja, mweleze mtu wa nyumbani kwa Kiswahili. Ukikwama, rudi kwenye mchoro. Jioni ile nilimweleza bibi, akikuna nazi, jinsi ethanoli inavyoshikana na maji kwa ile haidroksili yake, na mafuta yanavyokosa cha kushikia. Aliacha mbuzi, akafikiri kidogo.

"Kumbe ndiyo maana mgema akitia maji kwenye tembo huyaoni kwa macho mpaka uonje," akasema. "Angeyatia kwenye mafuta tungemkamata hapo hapo."