Maswali ya Hesabu: Mabano Kwenye Mlinganyo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimekokotoa 7 − 2(x − 5) = 3x + 2 mara tatu. Mara mbili nimepata x = −1, mara moja nikapata 13.5. Kitabu kinasema jibu ni 3. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Hayo ni makosa mawili tofauti.

Ulipopata 13.5, ulianza na 7 − 2, ukapata 5, kisha ukaandika 5(x − 5). Ile 2 haikuwa huru kutolewa kwenye 7. Namba iliyogusana na mabano inayazidisha, na kuzidisha hutangulia kutoa.

Ulipopata −1, ulifungua mabano ukaandika 7 − 2x − 10. Hapa ndipo wengi wanapopoteza alama zao za mtihani, na inauma kwa sababu kazi nyingine yote huwa sahihi. Kinachozidisha mabano si 2, ni −2. Alama ya kutoa iliyo mbele ya namba huingia nayo ndani na kumgusa kila aliyemo: −2 mara x ni −2x, na −2 mara −5 ni +10. Wewe uliipeleka kwa x, ukaisahau ulipofika kwa 5. Chora kwa penseli mshale kutoka −2 hadi x, na mwingine kutoka −2 hadi −5. Vilivyomo ndani vikiwa vitatu, mishale nayo iwe mitatu.

7 − 2x + 10 = 3x + 2
17 − 2x = 3x + 2
15 = 5x
x = 3

Kutoka mstari wa pili kwenda wa tatu tumejumlisha 2x pande zote mbili, kisha tukatoa 2 pande zote mbili. Wengi husema "ikivuka ng'ambo alama inabadilika". Ni kweli, lakini ni njia fupi ya kusema hayo hayo. Anayejua sababu yake hatajaribu kubadilisha alama ya 5 pale anapogawanya 15 kwa 5.

Sasa hakiki. Weka 3 kwenye mlinganyo wa mwanzo kabisa, si kwenye mstari wa kwanza wa kazi yako, maana kosa la kufungua mabano huwa limeshaingia hapo. Kushoto: 7 − 2(−2) = 11. Kulia: 9 + 2 = 11. Ukijaribu −1, kushoto unapata 19 na kulia −1, kwa hiyo jibu hilo linajikataa lenyewe.

SWALI: Tumefundishwa MAGAZIJUTO (Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa): mabano kwanza. Mbona kwenye 3(x + 4) = 27 hatumalizi kwanza yaliyo ndani?

JIBU: Kwa sababu hayamaliziki. x haijajulikana, na x + 4 si 4x wala si kitu kingine kifupi zaidi. MAGAZIJUTO ni utaratibu wa kukokotoa namba zinapokuwa zinajulikana. Unapoitafuta x, ama unafungua mabano, ama unagawanya pande zote kwa 3. Hapa ningegawanya: x + 4 = 9, x = 5. Kulia kungekuwa 25 ningefungua mabano, ili sehemu zisubiri hadi mwisho. Na kama ni 3(x + 4) + 6 = 27, usigawanye ukaiacha 6 nyuma. Igawanye nayo, au itoe kwanza.

SWALI: Mwanangu anashindwa (x + 1)/2 − (x − 2)/3 = 4, ingawa haina mabano kitabuni, mistari ya sehemu tu. Nimsaidieje?

JIBU: Mstari wa sehemu ni mabano yaliyofichwa, kwa hiyo umefanya vizuri kuyaandika. Asili, yaani namba za chini ya mstari, ni 2 na 3, na KDS yake, namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili, ni 6. Azidishe kila kitu kwa 6, pamoja na ile 4 ya kulia ambayo husahaulika mara nyingi:

3(x + 1) − 2(x − 2) = 24
3x + 3 − 2x + 4 = 24
x = 17

Amwangalie yule +4: ametoka kwa −2 mara −2. Asipoyaandika mabano, ataandika −2x − 2 au −2x − 4, na vyote si sahihi. Uhakiki: 18/2 − 15/3 = 9 − 5 = 4.

SWALI: Nimefungua mabano ya 2(x + 3) = 2x + 5, x ikapotea, nikabaki na 6 = 5. Nimeharibu?

JIBU: Hapana. Mlinganyo huo hauna jibu, andika hivyo. Ungebaki na 6 = 6, maana yake ingekuwa namba yoyote ni jibu. Usiandike x = 0 katika hali hizo mbili: sifuri ni namba, na kwenye mlinganyo wako inatoa 6 kushoto na 5 kulia.