Maswali na Majibu: Waya wa Lori na Mwiba wa Mgunga

Barua za wiki hii karibu zote zinalia kilio kimoja: pancha. Sishangai, mvua imeanza. Barabara ikilowa, kigae cha chupa kilichokuwa kimelala pembeni husombwa hadi pale gurudumu linapopita, na mpira uliolowa hukatika upesi kuliko mkavu.

*Naenda kazini Kisumu kutoka Maseno kwa baiskeli ya mbio ya mitumba, tairi 700 kwa 23 (yaani upana wa milimita 23). Wiki mbili, pancha tatu. Fundi anasema tairi ni bovu. Ni kweli? (Mwalimu, Maseno)*

Mwalimu, kabla ya kulihukumu tairi, litazame tundu la tyubu. Tundu moja dogo upande wa nje, lile ambalo hulioni mpaka uizamishe tyubu kwenye karai, limetobolewa na kitu chenye ncha. Matundu mawili yaliyokaa sambamba kama alama ya meno ya nyoka yanatokana na upepo mdogo: umegonga ukingo wa shimo na tyubu ikabanwa kati ya tairi na rimu. Tundu likiwa upande wa ndani, ule unaolalia rimu, tairi halina kosa lolote. Hapo ni ule utepe unaofunika vichwa vya spoki umesogea.

Ila kwa barabara hiyo yako, ile iendayo mpakani Busia, nadhani mkosaji namjua. Malori ya mpakani hupasukiwa na matairi, na tairi la lori limesukwa kwa nyaya za chuma. Vipande vyake hubaki kandokando ya lami, pale pale matatu zinapotusukumia. Waya mfupi kama punje ya mchele hujichimbia polepole kila gurudumu linapozunguka, na tundu likishatokea, wenyewe haudondoki. Unaziba, unapanda, baada ya kilomita mbili uko chini tena. Yalinikuta kwenye mlima wa Kiboswa. Niliziba mara mbili juani huku watoto wa shule wakinihesabia, ndipo nikakumbuka kupitisha vidole ndani ya tairi, na waya ukanichoma. Tangu siku hiyo sitii tyubu kabla ya kulipapasa tairi zima kwa ndani, taratibu. Tena hulifunga tairi maandishi yake yakielekeana na valvu, ili nikiona tundu kwenye tyubu nijue ni wapi pa kutafuta kwenye tairi.

Sasa tairi lenyewe. 23 ni jembamba mno kwa njia yako. Weka 25, au 28 kama breki na fremu zitaliruhusu. Baiskeli nyingi za mbio za zamani hupokea 25 vizuri, lakini 28 hukwaruza juu. Tafuta lenye mkanda wa kinga chini ya mpira wa kukanyagia. Mtu wa kilo 75 kwenye 28 anatosheka na upepo wa paundi 80 hivi nyuma na 70 mbele, ilhali 23 hudai 100 na zaidi. Na upepo hupungua wenyewe hata bila tundu, kwa hiyo pampu iguswe kila wiki. Ikiwa valvu yako ni ile nyembamba, nunua kile kichwa kidogo cha shaba kinachoigeuza iwe kama ya pikipiki. Ni cha bei ndogo na kitakufungulia pampu ya kila kituo cha petroli.

*Jumapili kundi letu huenda Kakamega na kurudi, na Desemba tunataka kufika Eldoret. Nimeletewa bei mbili za matairi: Schwalbe Marathon Plus na Continental Gatorskin. Nichukue ipi? (Kijana wa Kondele)*

Kaka, hapo unalinganisha gumboti na kiatu cha kukimbilia. Marathon Plus ina tabaka la mpira wa kunepa lenye unene wa milimita 5 chini ya mpira wa nje. Waya wa lori hufia humo kabla ya kuiona tyubu. Malipo yake ni uzito: hata ile nyembamba inapita nusu kilo kwa tairi moja, ni nzito kuzungusha, na kuivua kando ya barabara kunatoa jasho. Gatorskin ina takriban nusu ya uzito huo, na ina mkanda mwembamba wa nyuzi ngumu pamoja na kitambaa cha kinga ubavuni. Haizuii yote, ila huzuia mengi.

Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Eldoret karibu 2,100. Mlima huo sitaupanda na gumboti. Chukua Gatorskin ya 28, beba tyubu mbili na viraka. Marathon Plus ningempa mtu wa kwenda kazini kila siku, mwenye suruali safi na bosi mkali. Tahadhari moja: mpira wa Gatorskin ni mgumu, na kwenye lami iliyolowa usiuamini sana konani.

Wapo watakaokusifia Grand Prix 5000. Ni tairi tamu, lakini la mbio, na kwa barabara iliyomwagikiwa nyaya za malori mimi singeliweka pesa yangu.

*Naweza kufunga tairi la baiskeli ya baba, Black Mamba, kwenye rimu ya 700? Zote si inchi 28? (Bumala)*

Hapana. Neno 28 linadanganya. Tazama namba ndogo ubavuni mwa tairi: 28 kwa 1½ ya Black Mamba ina 635, na ya 700 ina 622. Hizo ni milimita za kipenyo pale tairi linapokaa kwenye rimu. Tofauti ya milimita 13 huwezi kuifidia kwa nguvu wala kwa vijiko vya fundi.

*Vipi ile dawa ya maji ya kujaza ndani ya tyubu? (Ahero)*

Kwa miiba midogo hufanya kazi. Hukauka, hasa kwa joto la huko kwenu, na tundu kubwa huishinda. Na ukija kubandika kiraka juu yake, gundi haishiki mpaka usafishe vizuri.

*Mimi ni mama, huendesha taratibu sokoni na kurudi, pembezoni mwa Nakuru. Shida yangu ni miiba ya migunga. Fundi amenikatia tairi kuukuu akalilaza ndani. Amenidanganya? (Nakuru)*

Hajakudanganya, mama. Kwa mwendo wako huo ni kinga nzuri, hata kama baiskeli inakuwa nzito kidogo. Ubaya wake ni kingo: tairi lililokatwa kwa kisu huacha makali, na makali hayo husugua tyubu hadi itoboke yenyewe bila mwiba. Mrudishie ayapunguze pembeni hadi yawe membamba, kisha apake poda ya mtoto kati yake na tyubu. Na mwiba ukiuona umesimama kwenye tairi na upepo bado upo, usiung'oe njiani. Fika nyumbani kwanza.