Nina divisheni ya tatu na uoni hafifu: mbona mfumo wa chuo unanikataa?

Swali: Shikamoo mshauri. Nimemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya HGK na kupata Historia D, Kiswahili E na Jiografia S, yaani divisheni ya tatu ya pointi 15. Nina uoni hafifu, lakini shule haikunisajili kuwa mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu, kwa hiyo nilifanya mtihani kwa karatasi za kawaida, na ramani ya Jiografia sikuweza kuisoma kabisa. Ninataka kusomea ualimu wa sekondari, ila kila nikiomba chuo mfumo unanikataa. Je, nirudie mtihani wote? Na nikijaza kwamba nina ulemavu, sitakosa nafasi? (Msomaji, Pasua, Moshi)

Jibu: Marahaba, binti. Kinachokuchanganya, kama kinavyowachanganya wazazi wengi ninaowahudumia hapa Arusha, ni kwamba kuna hesabu mbili za pointi zinazokwenda kinyume. Baraza la Mitihani linapopanga divisheni, D ni 4, E ni 5 na S ni 6, ndiyo maana jumla yako ni 15, na kadiri jumla inavyokuwa ndogo ndivyo inavyokuwa bora. Tume ya Vyuo Vikuu inageuza: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na ili udahiliwe shahada ya kwanza unatakiwa uwe na masomo mawili yenye ufaulu wa kuanzia A hadi E, yakiwa na jumla isiyopungua pointi 4. Historia inakupa 2 na Kiswahili 1, jumla 3, na S ya Jiografia haihesabiwi miongoni mwa masomo hayo mawili. Umepungukiwa pointi moja tu, na divisheni ya tatu haiwezi kuifidia.

Kwa hiyo huna sababu ya kurudia tahasusi nzima. E ya Kiswahili, ambayo ni alama 40 hadi 49, ikipanda ikawa D, yaani kuanzia 50, umefika. Hata hivyo ningekushauri ujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea kwa Historia na Kiswahili yote mawili, ili matokeo yawe ya mwaka mmoja na usianze kubishana na ofisi ya udahili kuhusu kuunganisha vyeti, na Jiografia uiache. Hayo mawili ni masomo ya kufundishia, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Mwenge hapo Moshi kinatoa shahada ya ualimu, ingawa lazima usome sifa za programu yenyewe, kwa kuwa chuo kinaweza kudai zaidi ya kile kiwango cha chini cha Tume. Kukata rufaa sikushauri: rufaa hupitia usahihishaji wa ulichokiandika, haiwezi kukupa alama za mistari ya kontua ambayo hukuiona.

Suala la uoni ndilo lenye uzito kuliko yote, na hushughulikiwa wakati wa usajili, si siku ya mtihani. Nenda Idara ya Macho ya hospitali ya KCMC hapo Moshi upimwe upya na uombe ripoti inayotaja kiwango cha uoni wa kila jicho na ukubwa wa maandishi unaoweza kuyasoma, maana ripoti inayosema tu kwamba mgonjwa ana tatizo la macho haimsaidii mtu yeyote. Mpe mkuu wa kituo cha mtihani nakala unapojisajili, kisha hakikisha kwa macho yako, au kwa macho ya mtu unayemwamini, kwamba umeingizwa kuwa mtahiniwa mwenye uoni hafifu. Hapo ndipo Baraza huandaa karatasi za maandishi makubwa na kukuongezea muda, ambao kwa masomo yasiyo ya Hisabati ni dakika 10 kwa kila saa.

Kama hutaki kusubiri mtihani wa Mei, ipo stashahada, ambayo ukiimaliza kwa wastani wa alama (GPA) wa 3.0 inakuruhusu kuomba shahada, na ipo programu ya msingi, ya kukuandaa kuingia shahada, ya Chuo Kikuu Huria, ambacho kina kituo Moshi.

Kuhusu kujaza ulemavu, jaza. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza kukunyima elimu kwa sababu hiyo, na mfumo ulikukataa kwa pointi, haukukukataa kwa macho. Ukificha, utakosa pia nafasi ya kutambuliwa na Bodi ya Mikopo, inayotaka ulemavu uthibitishwe na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Ukishadahiliwa, ipeleke ripoti ileile kwa Mshauri wa Wanafunzi wiki ya kwanza pamoja na barua inayotaja mahitaji yako moja moja: maandishi ya ukubwa wa 18, kiti cha mbele, slaidi kabla ya kipindi, muda wa ziada hata kwenye majaribio ya darasani. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.