Jibu: Spika ya mlango inanyamaza ukifunga mlango

Waalaykum salaam kaka. Umesema spika ya mlango wa dereva inalia mlango ukiwa wazi, ukiufunga inanyamaza, na fundi hapo Wete, Pemba, kakwambia ununue mpya. Usinunue kwanza! Spika iliyokufa haifufuki kwa kufungua mlango. Naona zaidi ni waya uliokatika ndani ya ule mpira unaopitisha nyaya baina ya mlango na bodi. Hujikunja hapo kila unapoingia na kutoka, mwisho shaba inakatika na ganda la nje linabaki zima, kwa hiyo kwa macho huoni kitu.

Uhakikishe hivi: zima redio, toa paneli ya mlango, chomoa plagi ya spika, kisha gusisha betri ya saa ya ukutani (volti 1.5) kwenye ncha mbili za spika yenyewe na uiondoe mara moja. Ikilia "tak" na karatasi yake ikasogea, koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) ni nzima, basi utafute waya uliokatika ndani ya ule mpira.

Ukiupata, unga kipande kipya kilicho laini, kirefu kidogo, na maungio yakae nje ya ule mkunjo. Tia risasi ya kuyeyusha kwenye maungio, uvike mpira wa kusinyaa kwa moto. Kusokota na kufunga tepu hakutoshi kwetu huku. Hewa ya chumvi inaila shaba upesi.

Na tafadhali, ile nailoni nyuma ya paneli irudishe. Mafundi wengi huitupa, na ndiyo inayozuia maji ya mvua yanayoteremka kwenye kioo yasiingie ndani.