Usiende Moja kwa Moja kwa Mgonjwa

Mwaka wangu wa kwanza nikiwa muuguzi wa afya ya akili wilayani, nilimpoteza mgonjwa kwa sababu ya mdomo wangu. Kijiji kiko chini ya milima ya Usambara, mkoani Tanga. Nilikuwa nimeambiwa kuna kijana amefungwa mnyororo nyuma ya nyumba. Nikafika na pikipiki ya serikali, nikapita hadi uani hata salamu sijamaliza. Nikamkuta kweli, mguu mmoja umefungwa kwenye nguzo ya banda, kifundoni pana kidonda, inzi wamejaa. Hasira zikanipanda. Nikamwambia mama yake kwamba hilo ni kosa na nitarudi na mtendaji wa kijiji.

Nilirudi baada ya siku nne. Nikaikuta nguzo. Kijana alikuwa ameshapelekwa kwa ndugu, wilaya nyingine, na hakuna aliyetaka kunitajia hata jina la kijiji. Ilinichukua mwaka na nusu kumpata tena.

Safari ya pili nilianza na mama. Shikamoo, habari za siku, nikakaa mkekani, tukaongea kuhusu mahindi na mvua iliyogoma, nikanywa chai ya rangi. Kisha nikamwuliza swali ambalo tangu hapo naliuliza karibu kila nyumba: "Mama, wewe unalala?" Akalia palepale. Miaka mitatu alikuwa hajalala usiku ukaisha. Kijana alikuwa akitoka usiku wa manane. Mara mbili ameokotwa kando ya barabara ya malori, mara moja nusura wamuue kwa kumdhania mwizi. Ufunguo wa kufuli mama aliuvaa shingoni kama hirizi. Mimi nilikuwa nimeona ukatili, yeye alikuwa akihesabu usiku ambao mwanawe amepona.

Mnyororo ni mbaya na lazima utoke. Ila anayeutoa ni yule mwenye ufunguo, kwa hiyo shughulika naye. Safisha kidonda, anzisha dawa, halafu mwulize ni wakati gani wa mchana anadhani anaweza kumfungua. Sisi tulianza na muda wa kula tu. Wiki ya tano ukawa umebaki wa usiku. Baadaye sikuuona tena, na sikuuliza uko wapi.

Hapo kwenye kuanzisha dawa kuna jambo ambalo chuoni tunalisoma kwa ajili ya mtihani tu. Ukimpa kijana haloperidol, dawa ya kutuliza ugonjwa wa akili, siku chache za mwanzo shingo inaweza kupinda, macho yakageuka juu, ulimi ukakakamaa. Kwetu sisi wauguzi hayo ni maudhi ya dawa, na benzhexol au sindano ya promethazine huyatuliza. Kwa familia iliyokwisha ambiwa kwamba mtoto ana jini, hilo ni jini limekasirika kwa sababu ya sindano ya nesi. Dawa inatupwa chooni na wewe hutarudi tena pale. Kwa hiyo waambie kabla. Waonyeshe kwa shingo yako mwenyewe inavyoweza kuwa, wacheke, na uwaachie namba ya simu. Pia waambie njaa itaongezeka. Nyumba yenye mlo mmoja kwa siku inahitaji kulijua hilo mapema.

Kuhusu pikipiki: iache zahanati. Ikisimama mlangoni kwa mtu, kijiji kizima kimeshajua. Huku kwetu ukitaja hospitali za akili, Mirembe ya Dodoma au Lutindi, ambayo imekuwa ikipokea wagonjwa wa akili tangu 1904 enzi za Wajerumani, mtu anaona umemtukana. Mimi natembea kwa miguu na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na begani nina kipimo cha presha. Tunapima presha nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ndiyo niliyoijia. Kipimo hicho kimenifungulia milango ambayo barua ya mganga mkuu wa wilaya isingeifungua. (Na presha za watu ziko juu kweli, kwa hiyo si hila tupu.)

Mganga wa kienyeji naye kamsalimie mapema, kabla hamjagombania mtu. Wetu nilimkuta anachambua mizizi, akaniuliza kama nimekuja kumfungia kazi. Tulikubaliana mambo matatu: asimpige mgonjwa, asimnyime chakula, asimwachishe vidonge. Mengine ni yake. Siku hizi huniletea wale wa kuanguka, yaani wa kifafa, ambao ni sehemu kubwa ya kliniki yangu. Hawa nawaambia wasipike peke yao kwenye mafiga na wasiende mtoni peke yao. Phenobarbital, dawa yao ya kifafa, nayo haikatishwi ghafla, kwa sababu degedege linaweza kurudi mfululizo likaua. Na lile povu haliambukizi. Hilo la povu nitalirudia mpaka nistaafu, maana bado kuna mtoto anaachwa aungue motoni kwa sababu watu wanaogopa kumgusa.

Wengi wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, hawatakuambia wana huzuni. Watakuambia kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, mwili unachoma kama pilipili, "nawaza sana." Wameshapimwa malaria mara sita. Lile dodoso la maswali tisa la kupima sonona ninalo na ninalitumia, lakini nikilitoa mwanzoni mtu ananyooka kama yuko mbele ya karani. Naanza na usingizi, chakula, shamba, nani yuko nyumbani. Halafu nauliza wazi, bila kuzunguka: "Umewahi kuona heri ufe? Umefikiria kujiua?" Niliogopa miaka miwili kuuliza hivyo, nikidhani nitampandikizia mtu wazo. Sijaona aliyepandikizwa, nimeona walioshusha pumzi. Ujue tu kwamba kwa Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 217, kujaribu kujiua ni kosa la jinai, ndiyo maana familia itakuambia "alikunywa kitu kwa bahati mbaya." Usiwabishie. Omba dawa za shambani na za mifugo zihamishiwe kwa jirani leo hii, na panga nani atalala naye.

Tarehe usizitegemee. Sindano ya fluphenazine, dawa ya ugonjwa wa akili inayokaa mwilini kwa wiki kadhaa, ninayochoma kila baada ya wiki nne nimeifunga na siku ya gulio. Mtu anakuja kuuza ndizi, anapita kuchomwa, anarudi na sukari. Nilipokuwa naandika tarehe kwenye kadi, nusu walikuwa hawaonekani. Na dawa zikiisha, kwa sababu zitaisha, sema ukweli mapema na piga simu zahanati za jirani. Mgonjwa aliyepanda bodaboda kwa hela ya kukopa akaambiwa "hakuna, njoo wiki ijayo" hatakuja wiki ijayo.

Jambo ambalo hakuna aliyenifundisha ni kuondoka. Nilipohamishwa kituo mara ya kwanza, barua ilikuja Jumatatu, Ijumaa nimeondoka. Nikaacha rejista imeandikwa vizuri, rangi mbili za kalamu. Baada ya miezi mitatu mwenzangu aliyenipokea akanipigia: watu saba wameacha dawa, wawili wamerudi kuugua vibaya. Rejista alikuwa nayo, ila ile mikeka niliyokuwa nakalia alikuwa haijui.

Safari hii nastahili likizo ndefu mwezi wa tisa, na nimeshaanza kuaga tangu wa sita. Muuguzi atakayenishikia amekwisha tembea nami nyumba kumi na nne, kwa miguu. Yule mama wa ufunguo amemtazama juu hadi chini, akamwuliza kama anakunywa chai ya rangi.